Jina la Siku ya Kumi na Moja

"Nyumba hiyo haimo kwenye ratiba, madamu," Homnath alisema, akaendelea kutembea akitumaini mgeni atamfuata.

Mgeni hakumfuata. Alikuwa amesimama mbele ya lango la matofali mekundu, miwani ya jua kaipandisha kichwani, anachungulia uani ambako vikongwe wenye sari nyeupe waliketi wakiota jua la asubuhi. Ilikuwa saa tatu kasoro. Tangu saa moja na nusu walikuwa Pashupati. Hekalu kuu walilitazama kutoka ng'ambo ya mto, maana asiye Mhindu haingii. Walitazama maiti mbili zikiteketea kwenye ngazi za Bagmati. Watawa waliojipaka majivu walipigwa picha, wakalipwa. Nyani mmoja aliiba ndizi, mgeni akacheka. Kilichobaki ilikuwa teksi ya kwenda Boudha, kuizunguka stupa, lile kuba kubwa la Wabuddha, mara tatu, kikombe cha chai juu ya paa, kisha saa sita na nusu mgeni arudishwe hotelini. Ziara ya nusu siku. Homnath aliifahamu kama njia ya chooni kwake.

Mgeni aliitwa Marijke, Mholanzi, mjane wa miaka sitini na mmoja, mwenye viatu vikubwa na sauti ya upole isiyokubali kukataliwa.

"Nimewaogesha wazee miaka thelathini, Hom," alisema. "Mimi ni muuguzi. Mahekalu nimeyaona. Sasa nataka kuona mnavyowatunza wazee wenu."

"Saa hizi wamelala."

"Si hao nawaona wameketi?"

Homnath alijitenga kidogo akampigia simu bosi wake wa kampuni ya utalii. Alitaka aambiwe hapana, ili hapana hiyo aipeleke kwa mgeni ikiwa na muhuri wa mkubwa.

"Homnath," bosi alisema huku akitafuna kitu, "mgeni akitaka kuona choo, muoneshe choo. Msimu uliopita Mfaransa aliandika kwamba unawakimbiza watu kama mbuzi. Umesahau? Au wageni wa wiki ijayo nimpe Rabindra?"

"Hapana, bosi."

"Basi ingia."

Ndani ya ua ule alikuwamo mama yake.

Alimleta mwenyewe, miezi mitatu iliyopita, Jumanne moja ya mwezi wa Asar, mvua zikiwa ndiyo kwanza zinaanza. Alimwambia wanakwenda kusujudu hekaluni, naye mama akavaa sari yake safi. Nyumba ile ilipokea wasio na mtu tu. Mwenye mtoto hai hakuwa na nafasi. Basi Homnath akamwambia karani kuwa yeye ni jirani, kamwokota bibi huyu kwa huruma, akaweka sahihi kwenye karatasi inayosema hivyo. Mama alikuwa amesimama ubavuni pake na kifurushi mkononi. Karani alipomgeukia na kumwuliza, "Bibi, kweli huna mtoto?" mama alimtazama Homnath, akangoja, kisha akatazama sakafu. Karani aliandika anachojua mwenyewe.

Tangu siku hiyo Homnath hakuja tena. Kutoka chumba chao cha Chabahil ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

*

Karani, mwanamke mnene aitwaye Tulasa, alikuwa na meza yake hapohapo langoni.

"Ala! Jirani mwema huyo!" alipaza sauti. "Nilidhani umetususa. Na mgeni kabisa! Karibuni, karibuni. Mwambie sanduku la michango ni lile pale lenye kufuli."

Homnath alipitisha macho uani haraka. Alimwona mara moja. Nandakala alikuwa ameketi kwenye mkeka chini ya ukuta, anasokota tambi za pamba za taa za ibada, anaziviringisha juu ya paja moja baada ya nyingine. Alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa zimekatwa fupi kama za mvulana. Naye alimwona mwanawe. Mikono yake haikusimama.

"Twende upande ule, madamu, kuna hekalu dogo la zamani sana, la miaka mia mbili..."

Lakini Nandakala alikuwa amesogea akaacha nafasi kwenye mkeka, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyompisha mgeni, na Marijke alikwisha kuketi. Alichukua pamba akajaribu kusokota. Ilimkatikia. Vikongwe wakacheka, naye akacheka nao.

"Muulize jina lake, Hom."

Homnath alichuchumaa mbele ya mama yake. "Bibi," alisema, "mgeni anauliza jina lako."

"Bibi," Nandakala alilirudia neno lile, kana kwamba anaonja chumvi. "Haya. Mwambie Nandakala, kijana. Kama haliamini, limo kwenye daftari la karani."

"Ana watoto?"

Angeweza kuuliza jambo jingine lolote. Angeweza kuuliza anasokota tambi ngapi kwa siku. Lakini Tulasa alikuwa amekwisha sogea, mikono kiunoni, na ingawa Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea michango tu, neno la watoto alilijua.

"Anauliza kama una watoto."

Nandakala alilamba ncha ya tambi akaikaza. "Nilikuwa naye mmoja," alisema. "Amekufa."

"Loo!" Tulasa alijipiga paja. "Bibi wewe, miezi mitatu hukuniambia!"

"Uliniuliza kama ninaye, mwanangu. Hukuniuliza kama amekufa."

Homnath alitafsiri. Uso wa Marijke uliingia huzuni palepale. Aliushika mkono wa kikongwe, akaulaza katikati ya mikono yake miwili. "Maskini. Muulize alikufa kwa ugonjwa gani."

"Anauliza aliugua nini."

"Mwambie alikufa kidogo kidogo," Nandakala alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza bei ya mchele. "Alianza masikio. Namwita, yuko upande wa pili wa pazia, hasikii. Yakafuata macho. Tunakula chumba kimoja, sufuria moja, hanioni. Mkewe ananivua nguo niliyojikojolea, yeye anatazama simu. Mwisho ulikufa ulimi. Siku ile ya mwisho nilisimama nikamngoja aseme neno moja tu. Moja. Ulimi ulikuwa umeshakuwa maiti."

Tulasa alijifuta macho kwa upindo wa sari. "Maradhi mengine jamani," alisema. "Mungu atuepushe."

"Anasemaje?" Marijke aliuliza.

"Ilikuwa homa, madamu."

"Homa tu? Amesema maneno mengi."

"Lugha yetu ni ndefu."

"Homa gani?"

"Ya kichwa," Homnath alisema. "Ya ubongo."

"Aa." Muuguzi alitikisa kichwa, mambo haya aliyajua. "Homa ya uti wa mgongo. Huanza na masikio wakati mwingine. Alikuwa na umri gani?"

Homnath hakuuliza. "Thelathini na sita," alijibu mwenyewe.

*

Ilikuwa nusu ile ya mwezi ambayo watu hukumbuka wafu wao, siku chache kabla ya sikukuu ya Dashain. Homnath mwenyewe alikuwa amemweleza Marijke hayo saa moja tu iliyopita, mtoni, akimwonesha watu walionyoa vichwa, wanaweka madonge ya unga wa shayiri na ufuta mweusi mbele ya makuhani. Alieleza vizuri, kama kawaida yake. Alisema roho isiyolishwa hutangatanga. Mgeni alikuwa ameandika kwenye kijitabu.

Sasa alikifungua kijitabu hicho. "Mwanawe alifanyiwa tambiko?"

"Sijui, madamu. Pengine."

"Ana nani wa kumfanyia? Hom, nataka kulipa mimi. Leo. Tushuke naye mtoni. Ni gharama gani?"

"Haiwezekani. Kazi hiyo ni ya mtoto wa kiume. Mwanamke..."

"Anasemaje, anasemaje?" Tulasa aliuliza, na Homnath ilimbidi aeleze. Karani akapiga makofi. "Haiwezekani kitu gani? Kuhani wa ngazi za mtoni kule chini anafanya kila siku. Bibi anagusa tu, kuhani anamalizia. Mambo yamebadilika, jirani. Mwambie elfu tano ya kuhani, na nyumba itashukuru kwa chochote."

Marijke alizielewa elfu tano kwa vidole. Akafungua mkoba.

Noti zilipokwisha kutoka, ikawa hakuna aliyemwuliza Nandakala. Ni yeye mwenyewe aliyeuliza.

"Kijana. Mbona pesa zinatoka?"

"Mgeni anataka kukulipia tambiko la mwanao."

"La mwanangu."

"Ndiyo, bibi."

"Aliyekufa."

"...Ndiyo."

Mikono iliyosokota tangu asubuhi ikasimama. Vikongwe wa karibu waliinua shingo. Nandakala aliweka tambi zake kwenye kitambaa, akakikunja, akakifunga fundo, kisha akamkabili mwanawe macho kwa macho.

"Wewe mambo ya dini unayajua," alisema taratibu. "Ndiyo kazi yako, unawaeleza wageni kutwa. Hebu nieleze na mimi. Mtu akifanyiwa tambiko la wafu naye yu hai, inakuwaje?"

"Bibi..."

"Nauliza. Mimi mwanamke wa kijijini, nitajuaje? Nilisikia ni laana. Nilisikia jina likishatajwa mtoni halirudi. Ni kweli?"

Tulasa alikunja uso. "Bibi, swali gani hilo? Kwani mwanao yu hai?" Sauti yake haikuwa na huruma tena, ilikuwa sauti ya mtu mwenye daftari. "Maana kama yu hai nieleze sasa hivi. Kuna kina mama kumi na saba wanangoja kitanda. Wengine wanalala barazani pa hekalu."

Nandakala alikuwa angali anamtazama Homnath. Alimngoja kama alivyomngoja Jumanne ile ya Asar, mdomo umefunguka kidogo, na safari hii alimngoja zaidi. Homnath aliona kila kitu kwa pamoja: karatasi yenye sahihi yake, karani anapiga kelele, mgeni anaelezwa na mtu mwingine kuwa mwongozaji wake ni mwongo aliyemtupa mama, bosi, Rabindra. Akaona chumba cha Chabahil, cherehani ya mkewe Yamuna pale palipokuwa na kitanda cha mama. Alikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili, mama yangu, na mambo yote yangeanguka, naye angesimama katikati ya vifusi akiwa mtoto wa mtu.

"Fanya tu, bibi," alisema. "Mgeni ameshalipa."

Nandakala alifunga mdomo. "Haya," alisema, akanyoosha mkono ainuliwe. Homnath alitoa wa kwake. Kikongwe aliuruka mkono huo kama mtu anavyoruka dimbwi, akashika wa Marijke.

*

Kuhani alikuwa kijana, simu imebanwa kati ya sikio na bega, funguo za pikipiki zimening'inia kwenye uzi mtakatifu wa kikuhani aliovaa kifuani. Siku hizo alikuwa na kazi nyingi, foleni ya waliofiwa ilifika hadi ngazi ya juu. Aliona ngozi ya Marijke, akawapitisha mbele.

"Kaeni hapa. Mama hapa. Mgeni asikanyage jani hili. Wewe mwongozaji, simama pale, kivuli chako kinaangukia chakula cha marehemu."

Homnath akasogea.

Madonge matatu yaliwekwa juu ya jani. Kuhani alimwekea Nandakala pete ya majani makavu kwenye kidole, akamiminia maji kiganjani, akamnyunyizia ufuta. Aliyafanya haraka haraka, midomo inakwenda kama ya mtu anayehesabu mbuzi.

"Ukoo?"

"Kaundinya."

"Alifariki lini?"

"Jumanne. Mwezi wa Asar, mvua zilipoanza."

Tulasa, aliyewafuata ili kuhakikisha mgeni hapotei, alinyanyua macho kidogo. Kisha akaona si kitu. Mambo mengi hutokea Jumanne.

"Jina la marehemu. Sitaki la shuleni. Nataka la siku ya kumi na moja."

Hapo Homnath alipata matumaini kidogo. Alifikiri atataja jina lolote. Atamtaja baba, aliyekufa zamani na haumii tena. Atabuni. Maana jina lile, ambalo kuhani wa kijiji alilinong'ona sikioni mwake akiwa na siku kumi na moja duniani, halikuwa kwenye cheti chochote. Mkewe hakulijua. Kuhani yule alikwisha kufa, na baba alikwisha kufa. Duniani kote waliolijua walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa kwenye ngazi hii.

Nandakala alitazama maji. Bagmati ilikuwa nyeusi na nyembamba, imebeba maua na vipande vya mkaa kutoka kwa waliochomwa juu.

"Lokmani," alisema.

"Lokmani," kuhani alirudia. "Lokmani wa ukoo wa Kaundinya, pokea chakula hiki. Lokmani wa ukoo wa Kaundinya, pokea maji haya. Gusa, mama. Sema na wewe."

"Lokmani, pokea."

"Tena."

"Lokmani, pokea. Kula ushibe. Usirudi."

"Hilo la mwisho si lazima," kuhani alisema.

"Nimeongeza mwenyewe."

Marijke alikuwa analia kimyakimya. Alimpa Homnath kijitabu na kalamu. "Niandikie jina lake, tafadhali. Herufi kwa herufi. Nataka nikifika kwetu nimwashie mshumaa."

Homnath aliandika. Alikosea herufi, akaikata, akaanza upya; mgeni akaliona hilo, akampigapiga bega. "Wewe una moyo mwororo," alimwambia.

Madonge yalisukumwa mtoni. Moja lilinasa kwenye jiwe. Kuhani akalisogeza kwa kidole cha mguu. Nandakala alinawa mikono hadi viwikoni, akasugua kwa mchanga, akanawa tena.

"Kwisha?" aliuliza.

"Kwisha, mama. Ameshafika."

"Basi." Na akapanda ngazi bila kugeuka, ameegemea mkono wa muuguzi.

*

Boudha waliizunguka stupa mara tatu, wakisokota magurudumu ya sala. Homnath alieleza macho ya Buddha yaliyochorwa pande nne, yanayoona yote, na pua iliyo kama tarakimu ya moja ya Kinepali. Alieleza vijibendera. Sauti ilitoka yenyewe.

Kwenye chai Marijke alimpa bahasha. "Ulivyokuwa unaongea naye," alisema, "mtu angedhani ni mama yako. Nimekubaliana na karani: kila mwezi nitamtumia pesa kidogo, mpaka mwisho wake. Na nitamwandikia bosi wako."

"Asante, madamu," Homnath alisema, akaipokea bahasha kwa mikono miwili, kama inavyopasa.

Saa nane alikuwa nyumbani. Yamuna alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule za watoto wa watu, uzi umebanwa kati ya meno. Binti yao Asmita alikuwa bado shuleni. Homnath alikaa kitandani, akamweleza mkewe yote bila kuacha kitu, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine duniani wa kumweleza.

Cherehani ilinyamaza.

"Jina lipi?" Yamuna aliuliza. "Homnath?"

"Lile jingine."

"Lipi jingine?"

"La siku ya kumi na moja. Wewe hulijui."

Yamuna aliutoa uzi mdomoni. Alitazama bangili zake nyekundu, za mwanamke mwenye mume, akazifunika kwa kiganja kana kwamba mtu anataka kuzivunja.

"Kwa hiyo mimi ni nani sasa?" alisema. "Niambie. Mjane? Nimemfulia mama yako mashuka miaka miwili, Hom. Mikono ilinichubuka. Mwenye nyumba ananitukana kwa sababu ya maji. Nilikwambia nimechoka, ndiyo, nilisema. Nilisema tafuta namna. Je, nilikwambia ukasimame mtoni utazame unazikwa?"

"Mgeni alikuwa ameshalipa."

"Mgeni!" Alicheka kicheko kibaya. "Ulikuwa na mdomo. Wageni wanakulipa kwa ajili ya mdomo huo." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kamchukue. Cherehani nitaiuza, kitanda kirudi pale. Kamchukue kabla ya siku ya baraka za tika. Amwombe kuhani huyohuyo alifute jina."

"Nitakwenda."

Lakini msimu ulikuwa umefika. Kesho yake kulikuwa na Wajerumani, keshokutwa Wahindi wa Bangalore. Barua ya Marijke ilimfurahisha sana bosi, hata akaichapisha kwenye tovuti, na nyumba ya wazee ikaingizwa kwenye ratiba ya nusu siku, katikati ya hekalu na stupa. Homnath alikataa zamu hizo, akasema harufu ya pale inamtia kichefuchefu. Rabindra akazichukua.

"Yule kikongwe wako ni dhahabu," Rabindra alimwambia siku moja kazini. "Anaulizwa, anaeleza mwanawe alivyokufa kidogo kidogo, masikio, macho, ulimi. Jana Wakorea wanne wamelia. Umempata wapi?"

*

Cherehani iliuzwa siku ya saba ya Dashain. Siku ya kumi, siku ya tika, walivaa nguo mpya, wakakodi teksi kwenda na kurudi, maana Nandakala hangeweza kutembea na kifurushi. Homnath alikuwa ameamua. Angesema ukweli mbele ya karani, na karani aseme atakalosema.

Ua ulijaa watu. Jamaa wa mjini walikuja kuwapa wazee matunda na kubarikiwa nao. Kila kikongwe alikuwa na sahani ya mchele uliochanganywa na maziwa ya mgando na rangi nyekundu, anawabandika watu tika ya baraka kwenye paji la uso. Nandakala alikuwa ameketi ukutani palepale. Hakuwa na sahani.

"Dada Tulasa," Homnath alisema, akaunganisha viganja. "Nimekuja kumchukua mama yangu. Mimi si jirani. Nilidanganya. Nandakala ndiye mama aliyenizaa."

Tulasa alimtazama, akamtazama Yamuna, akamtazama mtoto, kisha akaanza kutikisa kichwa polepole kama mtu aliyekwisha kuona mengi.

"Aaa," alisema. "Kumbe. Mwezi uliopita hakuwa mama yako. Mgeni ameanza kutuma pesa za kila mwezi, amekuwa mama yako."

"Sizitaki pesa hizo!"

"Wote husema hivyo. Na siku ya sikukuu! Huna haya? Nilikuwa pale mtoni, bwana. Nilisikia jina la marehemu kwa masikio yangu. Kadi uliyovaa shingoni siku ile haikuwa ya jina hilo."

"Nina cheti cha uraia, kina jina la mama..."

"Kilete. Na mimi nitaleta karatasi uliyoweka sahihi kwamba hana mtu. Tutakwenda navyo polisi vyote viwili, wachague kimoja." Watu walikuwa wamegeuka. Tulasa akainua sauti ili wasikie vizuri. "Bibi Nandakala! Kuna mtu hapa anadai ni mwanao!"

Asmita hakungoja. Alikuwa na miaka minane, na hakuwa amemwona bibi yake tangu Asar. Alichomoka, akampigia magoti mkekani, akainamisha kichwa mbele ya mikono ile aliyoizoea, akifunga macho, anangoja tika.

Nandakala alikuwa amelia usiku tatu baada ya siku ya mtoni. Usiku wa nne alilala. Tangu hapo alikuwa akiulizwa habari za mwanawe karibu kila siku, naye akawa anasimulia, na kila aliposimulia mwanawe alizidi kuwa mwema: ana miaka mitano, anamletea embe; ana miaka kumi, amepata homa na hataki kulazwa na mtu mwingine ila mama. Mwana aliyekufa alikuwa rahisi kumpenda kuliko yule aliyekuwa Chabahil, mwendo wa dakika ishirini.

Mkono wake uliinuka, ukafika karibu na nywele za mtoto. Ukakaa hewani. Ukarudi.

"Mtoto mzuri," alisema, "mwaka huu mimi siweki tika. Nimefiwa. Aliyefiwa hana sikukuu mpaka mwaka uishe. Nenda kwa yule bibi pale, ana mchele mwingi."

Asmita alifumbua macho. "Bibi, ni mimi. Tumekuja na teksi."

"Mama," Homnath alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka ndani ya ua ule, na lilitoka limekwaruza. "Mama, niangalie."

Nandakala aliangalia. Hapakuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo Yamuna alilokuja kulisimulia baadaye akiwa peke yake na dada zake: hapakuwa na hasira.

"Kijana huyu namfahamu," kikongwe alimwambia Tulasa. "Ni mwongoza wageni. Alikuwapo siku ile namlisha mwanangu. Muulizeni, yeye ndiye aliyeandika jina."

Aliikunjua pamba yake, akaanza kusokota.

"Umesikia?" Tulasa alisema. "Haya, tupisheni njia. Kuna wageni nje."

Langoni Rabindra alikuwa anaingia na Wazungu sita, amenyanyua kijibendera cha kampuni, anatembea kinyumenyume huku akieleza. Alimwona Homnath, akamkonyeza. Yamuna alimshika mtoto mkono, maana mtoto alikuwa anaanza kupiga mayowe, akamvuta nje. Homnath alifuata nyuma yao.

Dereva wa teksi alikuwa amekwisha kufungua buti ili apokee kifurushi. Alitazama nyuma yao.

"Mlisema mtarudi wanne."

"Watatu," Yamuna alisema.

"Mimi sijali," dereva alisema, akalifunga buti. "Lakini nauli ni ileile."